Maksai wa Ekiru, Jina Langu

Juzi asubuhi, saa tatu hivi, mwanamke mmoja aliingia katika ofisi yetu ya redio hapa Lodwar akiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nilidhani amekuja na tangazo la mbuzi waliopotea. Nimekaa kwenye redio hii miaka ishirini na kitu, na uso wa mtu aliyepoteza mbuzi naujua, kama ninavyoujua uso wa mtu aliyefiwa. Wa mbuzi huwa na haraka. Huyu hakuwa na haraka. Aliketi bila kukaribishwa, akapangusa magotini vumbi la barabara ya Kataboi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akanisalimu kwa lugha ya nyumbani, "Ejok. Mimi ni Akai. Akai ya Ekiru." Akai akaniwekea karatasi juu ya meza. "Baba amekufa Jumapili. Amesema hii tangazo usome wewe, mdomo yako. Na usome jina yake yote. Kama utaruka jina, amesema nirudi na karatasi." Nikaikunjua. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa shule, mzuri, wa kukandamiza kalamu. Mstari wa kwanza ulisema: Ekiru Lokol, Apaloris, wa Kataboi.

Niseme mapema, kwa sababu msomaji asiyetoka kwetu hataona kilichonikata maini hapo. Apaloris ni mimi. Muulize mtu yeyote kutoka Lokiriama mpakani hadi ufuoni Kataboi, atakwambia Apaloris ni yule wa redio, yule anayetuamsha saa kumi na mbili. Mke wangu huniita hivyo. Wakubwa wa kaunti hunishika mkono na kuniita hivyo, na watoto wangu shuleni walijiandikisha nalo. Jina langu la kuzaliwa, Losike, hulikuta kwenye kitambulisho tu, nami hushtuka kidogo kila nikiliona. Na jina Apaloris si langu. Nililichukua kwa mtu aliye hai, mbele ya macho yake, huku akinitabasamia. Matangazo ya vifo tunasoma saa saba mchana. Akai alisema atangoja, akaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi chini ya spika. Nilikuwa na saa nne. Nilikunywa vikombe vitano vya chai nikaukumbuka mwaka mmoja ambao nimejitahidi sana kuusahau, na ambao ndio ulionifanya mtu wa kutambuliwa barabarani.

Mwaka huo tulikuwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, Ekiru na mimi, katika chumba cha mabati nyuma ya duka la Abdirahman, Msomali aliyeuza sukari, mikeka na redio za betri. Chumba kilikuwa na mikeka miwili, jerikani la maji, msumari wa kutundikia gitaa langu ili mchwa wasilifikie, na dirisha la ukubwa wa sahani. Mchana mabati yalilia kwa joto. Tulikula unga wa njano wa kambini na maharagwe yasiyoiva, na mara moja kwa wiki mke wa Abdirahman alituletea nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, akitupa kupitia dirishani bila kutusalimu, maana alituona wavivu. Tulikuwa bendi ya watu wawili. Tuliimba harusi za Wasudani na makanisa ya Wakongo, na zaidi ya yote tuliimbia mashirika yaliyotaka nyimbo za kunawa mikono. Mimi nilipiga gitaa. Ekiru aliimba, na Ekiru aliweza kuimba sabuni mpaka akina mama wakajifuta machozi. Hakuwa na shule. Mimi nilikulia bweni la misheni, nilijua Kiswahili cha vitabu na Kiingereza cha kutosha kuwadanganya wazungu, kwa hiyo mikataba yote nilizungumza mimi. Yeye alikuwa akiniuliza tu, "Wamesema nini?" Nami nilimwambia walichosema, au kilichonifaa.

Gitaa nilifundishwa na Papa Mulumba, fundi wa zamani wa muziki kutoka Kongo, aliyekaa upande wa pili wa kambi na mke wake na kuku watatu. Alikuwa mkali. "Wewe unapiga gitari sawa mutu anapasua kuni," aliniambia kila siku, mbele ya watu. Siku moja nilifika kwake mapema, nikasimama nje ya pazia nikivua viatu, nikamsikia akimwambia mke wake habari zetu. "Ule wa gitari, vidole yake iko na haraka ya kufika mahali. Ule mwingine njo muziki yenyewe. Siku moja ule wa gitari atamuuzisha huyu." Mke wake akacheka, akasema, "Kwani nani atamununua?" Nilivaa viatu nikarudi nyumbani. Sikukasirikia ile habari ya kumuuza Ekiru. Kilichoniuma, na nisipokiandika hapa sitakiandika popote, ni kwamba nilikuwa nimejifunza gitaa mwaka mzima na mzee yule alimsikia Ekiru tu.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi, nalo halikuwa la muziki. Kwa watu wetu Waturkana mwanamume huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo yote. Hupinda pembe zake tangu akiwa mdogo zikae anavyotaka yeye, humfunga kengele shingoni, humtungia nyimbo, na watu huacha jina lake la kuzaliwa wakamwita kwa rangi ya maksai huyo. Maksai wa Ekiru alikuwa Loris, mwenye madoa ya chui, kwa hiyo Ekiru alikuwa Apaloris, baba wa Loris. Wazee waliompita barabarani Kakuma walimwita Apaloris kwa heshima, kijana yule asiye na viatu, kisha wakanigeukia mimi na shati langu la kola wakasema, "Na huyu?" Sikuwa na maksai. Sikuwa na hata kuku. Mtu wa bweni haitwi chochote.

Ndipo tukasikia kwamba Lodwar kunafunguliwa redio, na kwamba wanatafuta watangazaji wanaojua lugha ya nyumbani. Anayetaka alete kanda yenye sauti yake. Niliazima kwa Papa Mulumba redio-kaseti yake, ile ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili inase sauti, nikamwambia Ekiru twende tukarekodi kwao Kataboi, maana hapo Kakuma majenereta yangeingia kwenye kanda. Alifurahi sana. Hakuwa amemwona Loris kwa miezi mitatu. Tulifika asubuhi, mjomba wake akatupa samaki wakavu na maziwa, na kabla hatujamaliza kula Ekiru alikuwa ameshasimama, akainua mikono juu ya kichwa, mmoja umenyooka na mwingine umepinda mbele, kama pembe za maksai wake, akaanza kuimba. Na yule ng'ombe, aliyekuwa mbali upande wa kisima, akageuza kichwa. Akaja. Hakuja mbio, alikuja kwa mwendo wa mtu aliyeitwa kwa jina lake, kengele ikilia kila hatua, akasimama mbele ya Ekiru akapumua. Ekiru alikuwa akilia huku akiimba. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mchangani nimeshika redio-kaseti, nikaona wivu ambao sijauona tena maishani. Wala haukuwa wivu wa ng'ombe. Niliona wivu wa kiumbe kile kuja.

Tulipanga chumba Nawoitorong, pale Lodwar, tukingoja siku ya mahojiano. Akina mama wa jirani walituuzia chapati na maharagwe na kumtania Ekiru kwa sababu ya unyoya wa mbuni aliouchomeka kwenye kofia. Meneja wa redio aliitwa Madam Rispah, mwanamke kutoka upande wa Nairobi, mnadhifu, aliyeweka feni ikimwelekea yeye peke yake. Tuliingia pamoja. Alimpa Ekiru karatasi ya habari aisome. Ekiru aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mgeni, akaitazama, akaigeuza. Kisha mtu mmoja chumbani akacheka, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilicheka kwanza, ndipo wengine wakafuata, na Ekiru naye akacheka kwa kuwa rafiki yake anacheka. Madam Rispah akatikisa kichwa, akanipa mimi. Niliisoma mpaka mwisho, kwa vituo na kila kitu.

Baada ya hapo mazungumzo yakawa ya Kiingereza, na Ekiru alikaa kwenye benchi karibu na mlango akitabasamu kila nilipotajwa. Madam alisikiliza kanda, amefumba macho. Aliposikia kengele alifumbua. Akasema wimbo huu ndio utakaofungua redio kila asubuhi. Hakuuliza ni sauti ya nani, nami sikusema. Akaniuliza nitajiita nani hewani, kwa kuwa akina Losike ni wengi. Nakumbuka feni ilikuwa inageuka. Nakumbuka niliona nywele za Madam zikipepea, na kwamba nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba neno lilinitoka. Nilisema, "Apaloris." Nikalieleza maana yake kwa Kiingereza kizuri, maksai mwenye madoa ya chui, pembe zilizopindwa, yote. Ekiru alilisikia jina lake katikati ya yale maneno asiyoyajua, akanyoosha mgongo kwenye benchi. Alidhani ninamsifu.

Tulipotoka nje, juani, aliniuliza kama kawaida, "Wamesema nini?" Nikamwambia, "Wamekupenda. Watakuita." Nilimwambia hivyo kwa urahisi ule ule wa kumwambia mtu maji yamechemka. Alinikumbatia. Alikaa Nawoitorong wiki nzima akingoja kuitwa, akiosha shati lake kila jioni, na mimi nikitoka asubuhi kwenda kufundishwa mitambo na kumwambia ninatafuta kibarua sokoni. Mwishowe nilimshauri arudi Kakuma, nitamtumia habari. Akanishukuru kwa kumhangaikia. Kuna watu husema dhambi ya ujana ni upumbavu. Mimi sikuwa mpumbavu hata kidogo mwaka ule, nilikuwa macho kuliko nilivyo leo.

Siku redio ilipofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi, wimbo ulitoka, kengele ikalia, nami nikasema kwa sauti niliyoifanyia mazoezi chooni, "Ejok-noi, Turkana. Hapa ni Apaloris." Yaliyotokea Kakuma wakati huo alinisimulia Abdirahman baadaye, kwa hasira, akinisukuma kifua kwa kidole. Ekiru alikuwa amekaa nje ya duka akinywa chai ya maziwa ya ngamia. Redio zote za dukani zilikuwa zimefunguliwa kuvuta wateja. Aliposikia sauti yake mwenyewe alimwaga chai. Akaruka. "Ni mimi! Wameniita!" Akawakumbatia wateja, akamkumbatia mke wa Abdirahman ambaye hakuwahi hata kumsalimu. Jina lilipotajwa, na sauti yangu, alielewa kitu kingine kabisa: kwamba ninamtangaza yeye, kwamba ninawaambia watu Apaloris yuko hapa, aje. "Wallahi nilimwambia," Abdirahman alinieleza. "Nikamwambia, waryaa, huyu rafiki yako nakuibia. Yeye nasema, hapana, Losike naniita." Siku hiyo hiyo alipanda lori la mkaa kuja Lodwar.

Nilimwona kupitia dirisha la studio. Alikuwa amesimama langoni, shati limefuliwa, unyoya wa mbuni umesimama wima, vumbi la mkaa shingoni. Askari wa lango alimuuliza anamtaka nani. Studio yetu ya kwanza haikuzuia sauti, niliwasikia vizuri. "Mimi niko Apaloris," Ekiru alisema. "Wameniita." Askari akacheka mpaka akashika lango. "Apaloris iko ndani anafanya kazi. Wewe ni nani?" "Mimi ndio Apaloris." "Basi mimi ndio Rais." Watu wa foleni ya matangazo walicheka nao. Ekiru alitazama huku na huku akinitafuta mimi nije kueleza. Alijua nitaeleza, maana siku zote nilieleza mimi. Askari akaja dirishani, bado anacheka, akaniuliza, "Kuna mtu anasema yeye ni wewe. Nimwambie nini?" Nilikuwa na wimbo unaocheza, nilikuwa na dakika tatu nzima. Ningeweza kutoka nikarudi na bado nimalize kikombe changu. Nikasema, "Mwambie Apaloris yuko hewani." Askari akaenda akamwambia hivyo, kwa sauti, ili foleni nayo isikie. Ekiru aliutoa unyoya kwenye kofia. Akaushika mkononi muda kidogo, kisha akageuka akaenda zake.

Mtu angedhani nililia. Sikulia. Nilipata umaarufu, na umaarufu ni chakula kitamu, hasa kwa mtu aliyelelewa kwenye foleni ya bakuli. Wazee waliokuwa wakiuliza "Na huyu?" walinyanyuka kwenye viti wakanipisha. Gitaa nililiacha likae, nyuzi zikaoza kwa joto. Papa Mulumba alinitumia ujumbe mara moja tu kupitia dereva, akidai redio-kaseti yake, bila neno jingine, nikairudisha. Kanda nilibaki nayo.

Ukame uliingia kabla mwaka haujaisha. Sisi redioni tuliutangaza kila siku, nilikuwa na sauti maalumu ya ukame, nzito, watu waliipenda. Asubuhi moja Ekiru alikuja tena. Safari hii hakwenda langoni, alinisubiri kwenye kibanda cha akina mama wa chapati, Nawoitorong, mahali alipojua nitapita. Alikuwa amekonda, kichwa amenyoa. Nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno tayari. Hakugomba. Akasema, "Loris amekufa." Akaniambia jinsi maksai yule alivyoanguka njiani kuelekea kisimani na jinsi alivyokaa naye siku mbili akimwekea kivuli kwa nguo yake. Nyama waligawana wengine, yeye hakuonja, kama ilivyo kwa mwenye maksai. Kisha akaniomba jambo moja. "Jina ukae nayo, sijali. Lakini ile wimbo, simamisha kwanza. Kila asubuhi naskia kengele yake. Niko Kakuma, naskia. Niko kwa barabara, naskia. Nashtuka kutoka kulala nafikiri amekuja. Simamisha mpaka roho yangu ipoe, halafu endelea." Mama wa chapati aliacha kukanda. Nikamwambia nitazungumza na Madam. Siku ya tatu akaja kuniuliza, nikamwambia Madam amekataa kabisa.

Sikuwa nimemuuliza Madam. Ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikimuuliza atasema sawa, simamisha, na wimbo ukishasimama mtu atauliza ulikuwa wa nani. Kwa hiyo kila saa kumi na mbili nilibonyeza kitufe, na kila saa kumi na mbili ng'ombe mfu alitembea kutoka kisimani akaenda kusimama mbele ya Ekiru, popote alipokuwa. Nilijua anasikia. Siku nyingine niliongeza sauti kidogo kwenye kengele, kwa kuwa wasikilizaji waliipenda. Baada ya miezi miwili Abdirahman aliniambia Ekiru amehama Kakuma, hajulikani alipo, nikashusha pumzi.

Haya ndiyo niliyoyakumbuka kati ya saa tatu na saa tano, na ilipofika saa tano sikuweza tena kukaa ofisini. Nikaenda kwenye mapokezi nikaketi mwisho wa benchi, mbali na Akai, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Nilimuuliza baba yake alikuwa akiishi vipi. Alinijibu bila chuki, na hilo liliniumiza zaidi, maana chuki ningeweza kuijibu. Alisema walikaa nyuma ya kilima, mbali na Kataboi yenyewe, mahali ambapo redio haikushika. Baba yao ndiye aliyepachagua. Alizunguka na redio ya jirani mkononi siku nzima mpaka alipopata mahali palipokuwa na mvumo tu, hapo akajenga. "Halafu mkaweka mnara mpya," Akai alisema. "Ikashika. Tukahama. Tukaenda mbele, mbali na maji. Mama akachoka kuchota, akarudi kwao." Mnara ule niliutangaza mimi. Nilisema Kataboi sasa mtanisikia safi kabisa.

"Na shule?" niliuliza, kwa kuwa lazima niulize kitu. Akasema shuleni aliandikisha jina la baba, Apaloris, mwalimu akafurahi, akamuuliza kama ni mtoto wa Apaloris wa redio. Akasema hapana, ni Apaloris wa Kataboi. "Mwalimu akasema, ah, ile ya kuiga. Darasa yote ikacheka. Mpaka namaliza shule wananiita Akai wa Kuiga." Akanitazama tena kwa ule mtazamo mrefu. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kuimba tena. Akasema hapana, hata mtoto akilia alimpiga tu mgongo polepole bila sauti. Nikamwambia kanda ninayo nyumbani, ile ya kwanza yenyewe, nitampa. Akasema, "Ya nini? Hiyo sauti sisi tumeikimbia maisha yetu yote."

Saa saba kasoro dakika chache Jeni, fundi wetu wa mitambo, binti wa mjini anayezungumza Kiswahili cha Nairobi, alinichungulia. "Mzee Apaloris, tunaingia. Lakini hii ya mwisho, si tutoe hilo jina? Watu watachanganyikiwa, wadhani ni wewe umededi." Akanionyesha kalamu, ameshaanza kukata mstari. Nikamnyang'anya karatasi. Nilisoma vifo vitatu vya kwanza kama kawaida. Cha nne nilikisoma polepole. Ekiru Lokol, Apaloris, wa Kataboi. Kisha nikaiweka karatasi chini nikasema yasiyoandikwa: kwamba Apaloris ni huyu aliyekufa, kwamba jina hili lilikuwa lake na nikalichukua, kwamba sauti mnayoisikia kila asubuhi ni yake na kengele ni ya maksai wake, na kwamba mimi naitwa Losike. Nilihisi wepesi fulani kifuani, nikauonea aibu, kwa sababu hata hapo nilikuwa najifikiria mimi. Kupitia kioo nilimwona Akai amesimama chini ya spika, mkono umeshika begi, uso umeinuliwa.

Simu zikaanza kuwaka zote. Jeni akanifungulia ya kwanza. Alikuwa mwanamume wa Kakuma, analia. "Nimeskia Apaloris amekufa, nimefunga duka!" Nikamwambia nipo hai, aliyekufa ni Apaloris mwenyewe, Ekiru. "Ah! Asante Mungu! Kumbe ni mtu mwingine tu!" akacheka kwa furaha, akakata. Ya pili alikuwa kijana wa hapa mjini. "Buda, umetushtua, usirudie hivyo. Bora si wewe." Ya tatu akaniombea maisha marefu. Ya nne akaomba wimbo wa asubuhi upigwe tena sasa hivi, kushangilia. Kila simu ilipanda hadi kwenye spika ya mapokezi na kumwagika juu ya kichwa cha Akai. Nilieleza mara ya pili, mara ya tatu. Nilisema yote, mpaka habari ya langoni. Walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mzee mgonjwa.

Simu ya mwisho ilitoka Lokiriama. Alikuwa mama mtu mzima, sauti ina mikwaruzo, na nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia. Alisema amesikia yote tangu mwanzo na ameelewa. Mtoto wetu huyo wa Kataboi, Mungu amlaze. Lakini yeye maneno ya majina hayajui. Yeye amezaa, amezika na ametoroka vita na sauti moja sikioni, na sauti hiyo anajua inaitwaje. Alitaka tu kuwa na uhakika.

"Apaloris?" aliita.

Akai alikuwa amefika karibu na kioo, begi begani, akinitazama.

"Ee, mama," nikaitika.